UZI: Mdogo wangu alitoka maziwa bila mimba wala mtoto. Kumbe ni dopamini

Bint Makadara (mwanzisha uzi)

Assalam aleikum, na habari za jioni kwa wote.

Mdogo wangu ana miaka 22. Hajaolewa na hajawahi kushika mimba. Mwaka jana, wiki mbili baada ya Idi, aliingia chumbani kwangu usiku, akafunga mlango kwa ufunguo, akaifungua leso aliyojitanda. Fulana ilikuwa imelowa kifuani, pande zote mbili. Akaniambia, "Dada, natoka maziwa." Nikadhani ni usaha wa jipu. Akabinya kidogo mbele yangu. Yalikuwa maziwa, meupe, kama ya mzazi wa wiki moja. Tena siku zake alikuwa hajaziona kwa miezi mitatu.

Nilimwomba ruhusa ya kuandika haya. Alifikiri siku mbili, akasema andika, mficha uchi hazai.

Nyumbani ilikuwa kama msiba. Mama alilia mpaka presha ikapanda. Shangazi alimwita pembeni akamuuliza mimba ameitolea wapi. Jirani tunayepakana naye ukuta akasema huyu amechezewa, apelekwe kwa mtu. Kipimo cha mimba kilifanywa mara tatu, mara zote hakuna kitu, na bado watu wakipita barazani macho yao yanashukia tumboni mwake.

Daktari aliyemwona hakushtuka. Alimuuliza anatumia dawa gani. Mdogo wangu akajibu hakuna. Kwake yeye dawa ni ya malaria au ya kifua; vile vidonge vya kichefuchefu alivyokuwa akimeza kutwa mara tatu hakuvihesabu. Mimi ndiye niliyevitaja. Metoklopramidi, miezi minne mfululizo. Nami nafanya kazi kwenye kemisti. Mimi ndiye niliyekuwa nikimletea nyumbani kila vikimwishia.

Ilinichoma, na bado inanichoma. Nikakaa kusoma upya mambo niliyoyapita haraka chuoni, na nataka niyaeleze hapa nilivyoyaelewa, kwa sababu najua hapa Mombasa kuna wasichana wengine wanaoficha fulana zao.

Chini ya ubongo, nyuma ya mzizi wa pua, kuna tezi ndogo kama punje ya mbaazi. Uzito wake ni kama nusu gramu. Hiyo ndiyo pituitari. Imekaa ndani ya kishimo cha mfupa ambacho wataalamu wamekiita tandiko la Kituruki kwa umbo lake, na inaning'inia kwenye ubongo kwa kikonyo, kama embe mtini. Juu ya kikonyo kuna sehemu ya ubongo inayoitwa haipothalamasi, gramu nne hivi. Shuleni tuliambiwa pituitari ndiyo mkubwa wa tezi zote: inatoa homoni ya ukuaji, ya kuamsha tezi ya shingoni, ya kuamsha tezi zilizokaa juu ya figo, za kuendesha mayai na mbegu za uzazi, prolaktini ya maziwa, na oksitosini ya uchungu wa kuzaa. Lakini mkubwa huyu hafanyi neno mpaka apate amri kutoka haipothalamasi. Na haipothalamasi nayo inasukumwa na kuzuiwa na kemikali ambazo neva hupelekeana: dopamini, noradrenalini, serotonini, gaba, glutamati, na aina ya afyuni ambayo mwili hujitengenezea wenyewe. Hizo ndizo huitwa nyurotransmita.

Amri zinafikaje? Kuna mishipa midogo ya damu inayoshuka ndani ya kile kikonyo, kutoka haipothalamasi moja kwa moja hadi pituitari. Ni kama feri ya Likoni: mzigo unavuka pale pale, hauzungushwi bara nzima. Kwa hiyo tone dogo sana la kemikali linafika likiwa kali, kabla halijachanganyika na damu ya mwili wote.

Sasa sikilizeni hapa, maana ndipo mdogo wangu alipoumia. Homoni nyingi za pituitari hungoja kuambiwa "toa". Prolaktini iko kinyume. Seli zake ziko tayari kuitoa muda wote, na kinachozizuia ni dopamini inayoshuka kwenye kikonyo saa zote, usiku na mchana. Ni bomba lililo wazi na mkono umeliziba. Kikonyo kikikatika kwa ajali au kikibanwa na uvimbe, homoni nyingine hushuka, ila prolaktini hupanda. Mkono umeondoka.

Dopamini hufanya kazi kwa kukaa kwenye vipokezi vilivyo juu ya seli, kama ufunguo ndani ya kitasa. Metoklopramidi huzuia kutapika kwa sababu inaziba vitasa vya dopamini kwenye kituo cha ubongo kinachoamsha kichefuchefu. Vitasa vya aina ile ile viko pituitari. Dawa haichagui. Inaziba huku na huku, dopamini inafika inakuta kitasa kimejaa, na prolaktini inamwagika. Ikishapanda, prolaktini nayo inapanda juu ubongoni na kunyamazisha neva zinazoamrisha homoni za mayai. Ndiyo maana hedhi ilikatika. Mama anayenyonyesha usiku na mchana hukawia kuona siku zake kwa sababu hiyo hiyo.

Kipimo chake cha prolaktini kilikuwa 138 (nanogramu kwa mililita). Kwa mwanamke asiye na mimba hutakiwa kuwa chini ya 25 hivi. Daktari aliisimamisha ile dawa, akapima tena siku ya nne, ikasoma 19. Maziwa yalikauka baada ya kama mwezi, na siku zake zilirudi wiki ya sita. Hakuna kombe lililonywewa, hakuna kuku aliyechinjwa.

Tangu mwaka 2013 wasimamizi wa dawa wa Ulaya wameshauri metoklopramidi isizidi siku tano. Mimi nilimpa miezi minne.

Ulizeni. Ninalolijua nitajibu.

Kijana wa Mwembe Tayari

Dada pole sana, na hongera kwa ujasiri. Lakini mimi nilijua dopamini ni ile ya raha. Watu wanasema ukishinda kwenye simu dopamini inakuharibikia, ufunge siku saba bila simu. Inahusianaje na maziwa?

Bint Makadara

Ahsante kaka. Kemikali ni moja, njia ni mbalimbali. Maji ya mfereji ni yale yale; yakifika jikoni yanapika, yakifika chooni yanaosha. Kuna neva za dopamini zinazohusika na hamu na matarajio, hizo ndizo watu wa simu wanazozitaja. Kuna nyingine zinazoendesha mwendo wa mwili, na hizo zikifa mtu hupata ugonjwa wa Parkinson, mikono ikatetemeka. Na kuna kundi dogo ambalo kazi yake ni kushusha dopamini kwenye damu ya kikonyo tu. Dawa inayogusa dopamini huweza kugusa njia zote kwa pamoja. Ndiyo maana mtu anayemeza dawa ya kichefuchefu kwa muda mrefu anaweza pia kukakamaa shingo au kutikisika mdomo bila kutaka.

Nesi Zamu ya Usiku

Bint Makadara, umeeleza vizuri, ila naomba nikusahihishe mahali pamoja. Umeiweka oksitosini pamoja na homoni zinazotengenezwa na pituitari. Haitengenezwi pale. Pituitari ina pande mbili. Pande la mbele ni tezi kamili, ndilo la hiyo feri yako. Pande la nyuma si tezi hasa, ni ncha za neva zilizoshuka kutoka haipothalamasi yenyewe. Oksitosini na vasopresini hutengenezwa juu, zikateremka ndani ya neva, zikawekwa akiba chini. Neva ikishtuka, zinamwagwa kwenye damu.

Nimefanya kazi wodi ya wazazi miaka 14, na hilo naliona kila usiku. Mtoto akinyonya, ujumbe unapanda kutoka chuchu kwa uti wa mgongo hadi ubongoni. Kule mambo mawili hutokea. Dopamini inapunguzwa, ule mkono wako unalegea, prolaktini inapanda na maziwa yanatengenezwa. Na neva za oksitosini zinafyatuka kwa pamoja, misuli midogo inayozunguka vifuko vya maziwa inakaza, maziwa yanaruka. Jambo la kwanza linatengeneza, la pili linasukuma. Mama anaweza kuwa na maziwa tele na yasitoke.

Na hapo ndipo napata uchungu. Mama mwenye hofu, aliyegombezwa, aliyeachwa na mumewe siku ya kujifungua, adrenalini inapanda na neva za oksitosini zinazuiwa. Mtoto ananyonya, hapati, analia. Wakwe wanasimama kitandani wanasema mwanamke gani huyu hana maziwa, waleteni kopo. Maneno yale yale ndiyo yanayoyafunga. Nimeshawatoa watu wodini, nikamlaza mama kwa ubavu, nikamwekea mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, nikamwacha nusu saa kimya. Mara nyingi maziwa huja. Na wengine husikia mtoto wa kitanda cha pili akilia, na gauni lao linalowa. Sauti tu imefika ubongoni.

Dripu ya uchungu mnayoiogopa ni homoni hiyo hiyo, iliyotengenezwa kiwandani. Henry Dale aliona mwaka 1906 kwamba maji ya pituitari yanakaza mji wa mimba, na Vincent du Vigneaud akaiunda oksitosini maabarani mwaka 1953, akapewa Nobel mwaka 1955.

Bint Makadara

Nimesahihishika, nesi. Ahsante. Nitaliacha kosa langu pale juu ili watu wasome na masahihisho yako.

Ustadh wa Bondeni

Wa aleikum salaam. Mimi nasoma ruqya, na sitaficha: wasichana kama mdogo wako wameletwa kwangu, si mmoja wala wawili. Nimewasomea, na kusoma Qur'ani si hasara. Lakini sijawahi kumuuliza hata mmoja anameza vidonge gani. Kuanzia leo nitauliza. Nifundishe, zaidi ya hiyo dawa, ni nini kingine cha kutazama ili nijue wa kumpeleka hospitali haraka?

Bint Makadara

Ustadh, Mungu akulipe kheri. Umenitoa machozi.

Kwanza mimba, bila kumtuhumu mtu, kipimo tu. Kisha dawa: za kichefuchefu kama metoklopramidi na domperidoni, na nyingi za magonjwa ya akili kama haloperidoli, klopromazini na risperidoni. Domperidoni inafundisha sana, kwa sababu haiingii vizuri ubongoni, watu wakadhani iko salama. Lakini pituitari iko nje ya ule ukuta unaoulinda ubongo na vitu vya damuni, kwa hiyo inaguswa vile vile. Kisha tezi ya shingoni iliyolegea: ubongo ukiona homoni ya shingo imepungua, unatuma amri zaidi ya kuiamsha, na amri hiyo hiyo huichochea prolaktini.

Wa kumkimbiza ni yule anayeumwa kichwa mfululizo au anayegonga milango na watu ubavuni. Neva za macho zinakutana juu kidogo ya pituitari. Uvimbe ukikua pale unazibana, na mtu hupoteza kuona kwa pembeni huku mbele anaona sawa, kwa hiyo hajui kwamba haoni. Huyo apigwe picha ya kichwa. Habari njema ni kwamba uvimbe wa seli za prolaktini mara nyingi hauhitaji kisu. Kuna vidonge, kabagolini na bromokriptini, vinavyoiga dopamini. Mkono unarudishwa juu ya bomba, prolaktini inashuka, na uvimbe wenyewe husinyaa.

Supu ya Kichwa Kongowea

Mimi nauza supu ya vichwa vya mbuzi. Nikipasua fuvu nikatoa ubongo, kuna kipunje hubaki ndani ya kishimo cha mfupa chini, kimekatika kamba yake. Siku zote nilidhani ni mafuta. Ndicho hicho?

Mwalimu wa Bayolojia

Ndicho hicho, kaka! Ubongo ukiinuliwa kikonyo hukatika na pituitari hubaki kwenye tandiko lake. Umeona kwa macho yako jambo ambalo wanafunzi wangu wanalikariri tu.

Na niongeze historia, kwa sababu elimu hii ilitoka vichinjioni kama kwako. Miaka ya 1930 na 1940 wengi hawakuamini kwamba ubongo unaiamrisha pituitari kwa kemikali. Pande la mbele halina neva za maana zinazoingia, sasa amri ingefikaje? Mwingereza Geoffrey Harris alishikilia kwamba ni kwa damu ya ile mishipa ya kikonyo. Mwaka 1952 yeye na Dora Jacobsohn walitoa pituitari za panya wakazipandikiza mahali pengine. Zilizowekwa chini ya haipothalamasi, mishipa ikaota tena, na panya wakapata mzunguko wa uzazi na hata mimba. Zilizowekwa mbali na hapo zilikuwa hai lakini hazikufanya kazi.

Ikabaki kuitafuta kemikali yenyewe. Roger Guillemin alitumia haipothalamasi za kondoo, Andrew Schally za nguruwe. Walianza pamoja kisha wakawa mahasimu wakubwa. Ilimlazimu Guillemin kukusanya vipande vya ubongo vya mamia ya maelfu ya kondoo ili apate miligramu moja hivi ya amri ya kuiamsha tezi ya shingo. Mwaka 1969 ikajulikana: ni amino asidi tatu tu zilizofuatana. Mwaka 1977 wawili hao wakapewa Nobel pamoja na Rosalyn Yalow, aliyebuni na Solomon Berson njia ya kupima homoni zilizo kidogo mno katika damu. Ile 138 na ile 19 za mdogo wako zinatoka katika kazi ya aina hiyo.

Jambo moja nalipenda kuliko yote, mniwie radhi nikirefusha. Amri ya homoni za uzazi haitoki kama mfereji, inatoka kwa mapigo, kwa mwanamke kila saa moja au mbili kutegemea siku za mwezi. Ernst Knobil alionyesha kwa nyani kwamba ukiwapa homoni hiyo kwa mapigo ya kila saa, pituitari inaitikia. Ukiwapa ile ile bila kukatiza, inanyamaza. Ngoma isiyo na kituo haichezeki. Leo madaktari hutumia ujanja huo kwa makusudi: sindano ya muda mrefu huzima homoni za kiume kwa wazee wenye saratani ya tezi dume.

Kwa mtoto mdogo ngoma hiyo imezuiwa, na gaba ni miongoni mwa vinavyoizuia. Wakati wa kubaleghe kizuizi hulegea, glutamati inaongezeka, na kemikali iitwayo kisipeptini inaanza kuipiga. Mwaka 2003 iligundulika kwamba katika baadhi ya familia ambazo watoto hawabaleghi, kilichoharibika ni kipokezi cha kisipeptini. Jina limetokana na chokoleti ya mji wa Hershey, Marekani, ambako ilipatikana mara ya kwanza.

Mgema wa Shanzu

Mimi sina elimu hiyo, ila nina swali la kazini. Mteja anakunywa mnazi chupa mbili, anakwenda haja ndogo kama aliyekunywa nne. Asubuhi kinywa kimemkauka. Maji yanatoka wapi?

Nesi Zamu ya Usiku

Yanatoka mwilini mwake, baba. Ile vasopresini niliyoitaja hapo juu ndiyo inayoiambia figo irudishe maji, isiyamwage. Kuna neva ubongoni zinazoonja chumvi ya damu. Ikiongezeka kwa asilimia moja au mbili tu, vasopresini inamwagwa. Pombe huzizuia neva hizo. Figo haipati amri, inaacha maji yapite.

Kinyume chake mnakijua wote mnaofunga. Ramadhani ikiangukia joto la kaskazi, ikifika alasiri mkojo ni kidogo na rangi ni ya chai. Vasopresini imefunga kila mlango ili ufike magharibi.

Shangazi wa Kisauni

Nawasoma tangu asubuhi. Nina binti wa dada yangu anayetumia unga, mwaka wa nne sasa. Hapati siku zake. Amenenepa kidogo tangu aanze methadoni, ile dawa ya kumwachisha unga, na anasema hawezi kushika mimba, kwa hiyo hajikingi. Ni kweli?

Bint Makadara

Shangazi, si kweli, na mwambie leo hii.

Ubongo una afyuni zake wenyewe, za kutuliza maumivu na hofu. Kazi yake moja ni kupunguza kasi ya ile ngoma aliyoieleza mwalimu wakati mwili uko taabani. Heroini inakaa kwenye vipokezi hivyo hivyo kwa nguvu nyingi, ngoma inanyamaza, pituitari haiamrishi mayai, hedhi inakatika. Kwa wanaume testosteroni inashuka, nguvu zinaisha, na wengi wanadhani ni laana. Lakini kizazi hakijafa. Yai linaweza kukomaa mwezi wowote, hasa akipunguza au akiingia kwenye matibabu na kuanza kula vizuri. Na yai hutangulia hedhi, kwa hiyo anaweza kushika mimba kabla hajaona damu hata moja. Kliniki anapochukua methadoni awaulize uzazi wa mpango. Asione haya, wanaulizwa kila siku. Na asiiache methadoni kwa sababu ya haya.

Mwana wa Tudor

Na vile vidonge vya kunenepa vinavyouzwa bila boksi?

Bint Makadara

Mara nyingi ni viwili vimechanganywa. Siproheptadini inaziba serotonini na histamini, mtu anaona njaa na usingizi. Deksamethasoni ni mfano wa kortisoli, homoni inayotolewa na tezi za juu ya figo, ila ina nguvu mara nyingi zaidi. Fikirieni boya la tangi: maji yakijaa linafunga bomba. Haipothalamasi na pituitari zinaona "kortisoli" imejaa, zinaacha kutuma amri, na tezi za juu ya figo zinalala na kusinyaa. Uso unakuwa wa duara, watu wanasifia. Siku vidonge vikiisha ghafla, au akipata homa kali, mwili unahitaji kortisoli na hakuna wa kuitoa. Anaanguka. Aliyevitumia kwa wiki nyingi asiviache kwa siku moja, aende kwa daktari apunguziwe polepole. Mimi siviuzi, na naomba wenzangu wa kemisti wasiviuze.

Nesi Zamu ya Usiku

Nilisahau jambo kubwa, na usiku huu nimekumbushwa. Mama aliyevuja damu nyingi akijifungua, akapona, lakini maziwa hayakuja kabisa tangu siku ya kwanza. Msimwambie tu ajitahidi. Pituitari huongezeka ukubwa wakati wa mimba na huhitaji damu nyingi; damu ikipungua ghafla, sehemu yake hufa. Harold Sheehan alilieleza mwaka 1937. Miezi inapita, hedhi hairudi, anasikia baridi hata Mombasa hii, amechoka, nywele za mwilini hazioti tena, na nyumbani anaitwa mvivu. Huyo apimwe homoni zote. Dawa zipo, za kumeza, na maisha yake yanarudi.

Baba Watatu

Sijawahi kuandika humu, nasoma tu. Kijana wangu wa kwanza ana miaka 19. Mwaka juzi alipata ugonjwa wa akili, alikuwa akisikia sauti. Alipewa risperidoni, na wallahi ilimrudisha, akarudi chuo. Lakini sasa kifua chake kimekua kama cha msichana. Haendi kuogelea na wenzake, anavaa jaketi kwenye joto hili. Wiki iliyopita nilikuta dawa ameitupa chooni. Baada ya kusoma hapa nimeelewa kwa nini. Niiache dawa asimeze tena?

Bint Makadara

Baba, usiiache. Nakuomba.

Kilichomkuta ni kile kile cha mdogo wangu. Risperidoni inaziba vitasa vya dopamini katika njia iliyokuwa ikimletea sauti, na ndiyo sababu amepona. Pia inaziba vya pituitari, na prolaktini imepanda. Tofauti ni kwamba kidonge cha kichefuchefu kingeweza kuachwa siku ile ile, hiki hakiwezi. Akiacha ghafla sauti zinaweza kurudi na kumrudisha nyuma zaidi ya alipoanzia. Nenda naye kliniki ya afya ya akili wiki hii, mseme kifua kimekua na mseme amekuwa akitupa dawa, msifiche. Watapima prolaktini. Daktari anaweza kupunguza kiasi cha dawa, au kumhamishia dawa nyingine kidogo kidogo. Iko moja, aripiprazoli, inayokaa kwenye kitasa cha dopamini na kukizungusha nusu badala ya kukiziba kabisa, na kwa kawaida haipandishi prolaktini. Uamuzi ni wa daktari wake.

Na umwambie kijana, leo usiku, kwamba hageuki mwanamke. Kuna wanaume wengi wanaomeza dawa hizo na wanapatwa na hili, na hawalisemi.

Ustadh wa Bondeni

Baba Watatu, kama atataka mtu wa kufuatana naye, nipo. Nitakaa nje, sitaingia kwa daktari.

Baba Watatu

Nimezungumza naye. Alilia, kisha akauliza huyo dada aliyeandika ni nani, nikamwambia simjui. Amekubali. Tumepewa Alhamisi, saa mbili asubuhi, watamtoa damu. Kuna masharti yoyote kabla ya kipimo?

Bint Makadara

Alhamdulillahi. Aamke mapema, kwa sababu prolaktini hupanda usingizini na huchukua muda kushuka. Ziwe zimepita saa mbili au tatu tangu aamke. Asifanye mazoezi asubuhi hiyo, na asiminye kifua kuangalia kama kunatoka kitu. Mkifika asichomwe sindano papo hapo. Hofu na mbio za matatu pia huipandisha. Akae kitako nusu saa, apumue, mzungumze mambo ya mpira. Na asubuhi hiyo awachukulie orodha ya kila kidonge anachomeza, hata cha tumbo.